JE, MAHINDI YAWEZA KULA HEWA?

Mawazo ya mkulima mmoja wa Eldoret juu ya mbolea ya kesho

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi, mwaka 2022, mimi na jirani yangu, mzee mwenye heshima zake, tulikwenda mjini Eldoret kuulizia bei ya mbolea. Mashamba yalikwisha kulimwa, na kila mtu alikuwa akitazama mawingu. Dukani tuliambiwa kuwa gunia la DAP la kilo 50 limepita shilingi 6,000. Mzee alihesabu fedha zake mara mbili, akazirudisha mfukoni, akatoka nje bila kusema neno.

Tulipokuwa tukingoja gari la kurudi upande wa Moiben, wingu jeusi lilijikusanya na radi ikanguruma mbali. Ndipo Mzee aliponigeukia akasema, "Karani, wewe ulikaa ofisini miaka mingi, na kusoma umesoma. Mjukuu wangu asema wamefundishwa shuleni kuwa hewa hii tunayoivuta imejaa mbolea. Ikiwa ni kweli, mbona mimi nauziwa kwa gunia kitu kilichojaa juu ya shamba langu?"

Nilicheka. Nilimjibu kwamba mambo hayo ni ya wataalamu, nasi kazi yetu ni kulima. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, maana niliona kuwa sikumjibu Mzee hata kidogo, nilimnyamazisha tu. Swali lake lilikuwa swali jema, na mtu anayecheka swali jema huwa anaficha ujinga wake mwenyewe. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza, na nimejaribu. Haya ndiyo niliyoyapata, na ndani yake nimetia pia ndoto zangu mwenyewe, ambazo msomaji ana ruhusa ya kuzipima na kuzikataa.

GHALA LILILOFUNGWA KUFULI

Mjukuu wa Mzee alisema kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni, nayo ndiyo chakula kinachoyapa mahindi rangi ya kijani kibichi na nguvu ya kujaza punje. Mkulima ambaye mahindi yake yamegeuka manjano kuanzia majani ya chini ameiona njaa ya naitrojeni kwa macho yake.

Sasa tupige hesabu. Hewa ina uzito, ingawa hatuusikii. Hapa Eldoret, tulipo juu ya bahari kama mita 2,100, hewa iliyo juu ya kila mita moja ya mraba ina uzito wa karibu tani nane, na sehemu kubwa ya uzito huo ni naitrojeni. Basi juu ya ekari moja ya shamba zipo zaidi ya tani 20,000 za naitrojeni. Gunia moja la DAP lina kilo tisa tu za chakula hicho. Maana yake ni kwamba mwenye ekari moja amesimama chini ya mali inayolingana na magunia zaidi ya milioni mbili. Na magunia 20 ya mahindi yanayovunwa katika ekari hiyo huondoka na kilo kati ya 25 na 30 za naitrojeni katika punje zake. Mali yote hiyo imo juu ya kichwa cha mkulima, naye anakopa fedha ili anunue kilo thelathini!

Kwa nini basi mahindi hayajisaidii? Kwa sababu ghala hili limefungwa. Naitrojeni ya hewani hutembea wawili wawili, kila chembe imemshika mwenzake kwa mikono mitatu, na mmea hauna nguvu ya kuwatenganisha. Ni kama mtu mwenye njaa aliyewekwa nje ya ghala la nafaka lenye kufuli. Harufu ya chakula aipata, lakini tumbo halijai.

Wenye ufunguo ni wachache. Wa kwanza ni radi. Umeme wake ni mkali hata huvunja mshiko ule, na mvua hushuka na chakula kidogo. Hivyo Mzee alipotazama wingu na kuuliza habari za mbolea hakuwa mbali na kweli. Lakini kile kinacholetwa na radi ni kilo chache tu kwa mwaka katika shamba zima, wala hakitoshi mahindi.

Wa pili ni vijidudu vya udongoni. Ukiung'oa mharagwe wenye afya utaona vinundu vidogo kwenye mizizi yake. Humo ndani hukaa vijidudu wanaoivunja naitrojeni ya hewa na kuulisha mharagwe, na mharagwe nao huwalipa kwa sukari. Wataalamu waliufahamu ushirika huu katika miaka ya 1880. Hapa Kenya, utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulizaa chanjo ya vijidudu hao iitwayo Biofix, ambayo mkulima huipaka kwenye mbegu za maharagwe au soya kabla ya kupanda. Wa tatu mwenye ufunguo ni mwanadamu, na habari zake ni ndefu kidogo.

RADI ILIYOTENGENEZWA KWA MKONO

Mwaka 1903, katika nchi ya Norway, mtaalamu mmoja aliyeitwa Kristian Birkeland alikuwa akijaribu kutengeneza mzinga wa kurusha risasi kwa nguvu za umeme. Mzinga ule uliharibika, na badala ya kurusha risasi ukatoa miali mikubwa ya moto wa umeme. Mwenye haraka angeuona huo kuwa msiba tu. Lakini wakati huo huo mhandisi Sam Eyde alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza radi kubwa kwa ajili ya mbolea. Wawili hao wakashirikiana, na mwaka 1905 kiwanda kilikuwa kikifanya kazi katika mji wa Notodden, kikipitisha hewa katika miali ya umeme na kutoa mbolea. Nguvu yake ilitoka katika maporomoko ya maji ya mito ya Norway.

Njia hiyo ilikula umeme mwingi mno. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alipata njia nyingine, na Carl Bosch akaigeuza kuwa kazi ya kiwanda kikubwa, kilichoanza Oppau mwaka 1913. Katika njia hii naitrojeni hukutanishwa na haidrojeni katika mtungi wa chuma wenye joto la nyuzi zaidi ya 400, chini ya mgandamizo mkubwa sana, nazo zikaungana kuwa amonia. Amonia ndiyo mama wa DAP, CAN na Urea. Wataalamu hukadiria kuwa karibu nusu ya watu wa dunia leo wanakula chakula kilichokuzwa kwa msaada wa kazi hiyo.

Lakini haidrojeni yatoka wapi? Mara nyingi hutolewa katika gesi asilia inayochimbwa ardhini. Hapo ndipo nilipopata jibu la jambo lililonisumbua pale dukani. Mwezi wa Februari mwaka 2022 vita vikubwa vilizuka Ukraine, na Urusi ni mojawapo ya nchi zinazouza gesi na mbolea kwa wingi. Bei, ambazo zilikwisha kupanda kabla ya hapo, zikazidi kupanda. Mtu wa Moiben ambaye hajaiona Ulaya hata kwa picha alilipia vita vile katika gunia lake. Kweli, mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali ilitoa ruzuku na bei ya gunia ikashushwa hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi shilingi 2,500. Wakulima tulishukuru. Lakini ruzuku haiondoi gharama. Humhamisha tu mlipaji, maana tofauti ile hutoka katika kodi.

NDOTO YANGU YA KWANZA

Basi hapa nitaota kidogo. Haidrojeni imo pia katika maji, na umeme ukipitishwa katika maji huitenga. Kenya ina mvuke wa ardhini huko Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Tuna maji ya Turkwel, tuna upepo wa Turkana, na jua halituishi. Usiku, watu wakilala, matumizi ya umeme hupungua, na hutokea mvuke mwingine ukaachwa uende bure angani. Je, mvuke huo wa usiku hauwezi kutengeneza mbolea ya mchana? Je, haiwezekani siku moja chama cha ushirika cha Uasin Gishu kikawa na mtambo mdogo, kama tulivyo na mitambo ya kupoza maziwa, tukaenda na magunia yetu wenyewe?

Nilipoanza kuwaza hivyo niliogopa kuambiwa kuwa nimechanganyikiwa. Kumbe wenye elimu nao wanalifikiri jambo hilo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa taifa wa kutengeneza haidrojeni kwa umeme usiotokana na mafuta wala gesi, na mbolea imetajwa kuwa mojawapo ya matunda yanayotazamiwa.

Hata hivyo, sitaki kumpumbaza msomaji. Nchi hii ilikwisha kuota ndoto ya mbolea hapo zamani ikaamka na deni. Katika miaka ya 1970 Serikali iliingia katika mradi wa kiwanda cha mbolea mjini Mombasa, kilichoitwa Ken-Ren. Kiwanda hicho hakikutoa hata gunia moja, nao wananchi waliendelea kulipa deni lake kwa miaka mingi. Hapa Eldoret penyewe kiwanda cha mbolea kilifunguliwa mwaka 2016, nacho kina manufaa yake. Lakini kazi yake ni kuchanganya mbolea iliyokwisha kutengenezwa mahali pengine, na kuchanganya si kutengeneza. Basi ndoto yangu ya kwanza naiweka rafuni. Si ndoto ya mtu mmoja mwenye ekari sita. Ni ya kuwauliza wakubwa wanaotuomba kura: umeme utagharimu kiasi gani, nani atalipa mkopo, na kiwanda kikikwama nani atabeba hasara?

MAHINDI YA MILIMANI HUKO MEXICO

Ndoto ya pili ndiyo iliyo karibu na swali la Mzee. Ikiwa mharagwe waweza kukaribisha vijidudu wakaulisha kutoka hewani, kwa nini hindi lisiweze?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba nafaka hazina tabia hiyo. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu vya California na Wisconsin, huko Marekani, walichapisha habari ya mahindi yanayolimwa na watu wa Kimixe katika milima ya Oaxaca, nchini Mexico, karibu na Totontepec. Mahindi hayo hurefuka kupita paa la nyumba, na hustawi katika udongo dhaifu. Kila mkulima ameiona mizizi inayotoka katika vifundo vya chini vya bua, juu ya ardhi. Mahindi ya kawaida huwa na vifundo viwili au vitatu vya namna hiyo. Yale ya Wamixe huwa navyo vingi zaidi, mizizi yake ni minene kama vidole, na wakati wa mvua hutoa ute mzito unaodondoka. Ndani ya ute huo hukaa vijidudu wanaoivunja naitrojeni ya hewa. Wataalamu walipopima, walikuta kwamba sehemu kati ya 29 na 82 katika kila 100 za naitrojeni ya mahindi hayo ilitoka hewani.

Msomaji afikiri jambo hili vizuri. Hapana mtaalamu aliyeyaumba mahindi hayo. Wakulima wasiojulikana majina, vizazi kwa vizazi, walichagua mbegu, wakapanda, wakachagua tena. Elimu ya maabara ilikuja mwisho, kueleza kile ambacho majembe yalikwisha kukipata. Nami nafurahi kusema kwamba watu wa Totontepec hawakunyang'anywa. Mkataba ulifanywa ili faida ikipatikana nao wapate sehemu yao.

Nilipomsomea Mzee habari hizi, alinyamaza kitambo kisha akasema, "Karani, mbegu hiyo tutaipata wapi?"

Swali hilo si la kitoto kwa mtu wa nyanda hizi, kwa kuwa sisi tulikwisha kubarikiwa na mbegu ya mbali. Mwaka 1955 utafiti wa kuzalisha mbegu bora za mahindi ulianza huko Kitale, mwendo wa kama kilomita 70 kutoka Eldoret, chini ya mtaalamu aliyeitwa Michael Harrison. Mwaka 1961 ikatolewa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Harrison alileta pia mbegu nyingi kutoka nchi za Amerika, na kati ya hizo iliyoitwa Ecuador 573, kutoka milima ya Ecuador, ilikubaliana ajabu na ile ya Kitale. Ndoa yao ilizaa chotara H611, aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1964. Wazee wengi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia waliosomesha watoto kwa mahindi walisomesha kwa ukoo huo. Kama mwana wa Ecuador alipata kwao hapa, je, mwana wa Mexico hawezi?

MAMBO YANAYOIZUIA NDOTO

Hapa yafaa mwotaji ajiulize mwenyewe kabla hajaulizwa na wengine. Nimeona vikwazo vinne.

Kwanza, ute ule hutaka unyevu mwingi. Milima ya Oaxaca hufunikwa na ukungu. Sisi twapata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba, lakini hutokea wiki za jua kali katikati. Ute ukikauka, vijidudu hawafanyi kazi. Pengine mahindi hayo yangefaa zaidi upande wa Ainabkoi penye baridi na umande kuliko upande wa Turbo. Hili ni kisio langu tu, na dawa yake ni kupima.

Pili, hapana cha bure duniani. Vijidudu hulipwa kwa sukari ya mmea, na sukari inayolipwa kwa vijidudu haijazi punje. Huenda tukapata mahindi yasiyodai mbolea nyingi lakini yenye gunzi dogo. Basi mwenye kupima asitazame rangi ya majani tu, bali apeleke mavuno kwenye mizani.

Tatu, hewa hutoa naitrojeni peke yake. Fosfeti haimo hewani, wala potasi, wala chokaa. Mtu anayedhani kuwa mahindi ya namna hiyo yatamwondolea kila gharama anajidanganya.

Nne, mbegu za nchi za nje haziingizwi mfukoni. Ziko sheria, na shirika la KEPHIS ndilo lenye kukagua, maana pamoja na mbegu waweza kuja ugonjwa. Tuliokuwa tukilima mwaka 2011 twakumbuka ugonjwa wa mahindi uliotokea Bomet ukaenea haraka na kukausha mashamba mazima. Hapana ndoto inayostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

MTAMBA WA MZEE

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Wiki mbili baada ya siku ile ya Eldoret, Mzee alikuja nyumbani kwangu amefurahi. Alikutana na mchuuzi mmoja sokoni, mwenye maneno matamu, aliyemwonyesha chupa za maji ya rangi ya kahawia. Mchuuzi alisema ati dawa hiyo ina vijidudu wa kuvuta naitrojeni ya hewa, na kwamba mahindi yakinyunyiziwa hayatahitaji mbolea tena. Chupa hazikuwa na alama ya kukaguliwa wala tarehe. Mzee alikuwa amekwisha kuamua kumwuza mtamba wake, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano, ili anunue chupa za kutosha ekari zake zote nne.

"Wewe ndiwe uliyenisomea, Karani," aliniambia. "Wazungu wamepima. Mahindi yala hewa."

Ndugu msomaji, niliona aibu kuu. Nilimpa mtu ndoto bila kumpa mizani ya kuipimia, na tapeli akapita katika mlango nilioufungua mimi. Mara ya kwanza nilikosa kwa kucheka swali lake, na mara ya pili nilikosa kwa kulijibu nusu.

Nilimsihi tufanye jambo moja kwanza. Nikamwambia, "Mzee, nunua chupa moja tu, na mtamba abaki zizini. Kama dawa ni ya kweli, robo ekari itatuambia." Alinung'unika kwamba nachelewesha baraka, lakini alikubali, nadhani kwa ajili ya ujirani kuliko kwa ajili ya hoja.

Tulimwita Bwana Shamba, naye akatufundisha mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, tusitumie kipande kimoja kwa kila jambo, bali vipande viwili viwili vilivyo mbalimbali, maana kipande kimoja chaweza kuwa mahali pa zizi la zamani kikakudanganya. La pili, tupime udongo kabla ya kupanda. Tulichota udongo sehemu nyingi za shamba, tukauchanganya, tukaupeleka maabara.

Majibu yalitushangaza. Kipimo cha uchachu, yaani pH, kilikuwa 4.9. Bwana Shamba alitueleza kuwa mahindi hupenda udongo wenye kipimo cha 5.5 na kuendelea. Udongo ukichachuka sana huishika fosfeti isiifikie mizizi, na mizizi yenyewe huumizwa na alumini. Tena alisema kwamba mbolea yenye amonia, kama DAP, ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa, huzidisha uchachu huo. Mimi na Mzee tulitazamana. Miaka mingi tulikuwa tukilalamika kuwa ardhi imechoka, na kila ilipochoka tuliizidishia kile kile kilichoichosha.

Basi tuligawa robo ekari. Vipande viwili vilipata DAP kama desturi. Viwili vilipata DAP pamoja na dawa ya chupa. Viwili vilipata DAP pamoja na chokaa ya shamba, ambayo huchimbwa Koru, katika Kaunti ya Kisumu. Na viwili havikupata kitu. Nilichora ramani katika daftari yangu ya zamani ya ofisini, na Mzee akapigilia vijiti vya rangi.

Mwezi wa Novemba tulivuna, tukapukuchua kila kipande peke yake, tukapima kwa mizani. Vipande vya dawa ya chupa havikuvipita vile vya desturi. Uzito wake ulikuwa sawasawa, na kimoja kilipungua kidogo. Vipande vya chokaa vilishinda vyote, navyo vilishinda waziwazi. Ilikuwa robo ekari moja na msimu mmoja tu, nami simwambii mtu kuwa huo ni ushahidi wa kutosha nchi nzima. Lakini kwa ekari nne za Mzee ulitosha. Mchuuzi hatukumwona tena sokoni. Mtamba alizaa jike mwezi wa Agosti, kabla mahindi hayajakauka, na tangu siku hiyo Mzee humwita ndama yule "Mizani".

MTU ASIYE MTAALAMU NA ATHUBUTU KUWAZA

Wako watakaosema kuwa habari hii yafundisha tusiote, bali tuwangojee wataalamu. Mimi nakataa. Kama Mzee asingaliuliza kwa nini anauziwa hewa, tusingalipima udongo, na mpaka leo tungekuwa tukiuchachusha. Swali lake halikuleta jibu alilolitafuta, lakini lilileta jibu alilolihitaji.

Jambo la kujihadhari si ndoto, bali ni ndoto isiyopimwa. Tangu mwaka ule mimi na majirani zangu tumejiwekea desturi. Mtu akija na wazo jipya, liwe la gazetini, la redioni au la sokoni, twamwuliza maswali matatu. Jambo hili hufanyaje kazi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hatua? Laweza kujaribiwa mahali padogo, kwa fedha ambazo zikipotea mtoto hatarudishwa nyumbani kutoka shuleni? Na ni matokeo gani yatakayotufanya tukubali kwamba tumekosea? Mwenye wazo la kweli huyapenda maswali hayo. Tapeli huangalia saa yake.

Vijana wetu nao wana nafasi kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Eldoret, ambayo zamani ilijulikana kama Shamba Namba 64, ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti, mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho kina wanafunzi wa elimu ya udongo na mimea, kilianza mwaka 1946 kama mahali pa kuwafundishia wakulima wakubwa walowezi. Mjukuu wa mkulima mdogo sasa aweza kuingia mlango ule ule. Natamani mmoja wao aende siku moja Oaxaca, kwa ruhusa na kwa mkataba wa haki, akatazame mizizi ile yenye ute, kisha arudi Kitale aulize kama itaoana na mahindi yetu. Pengine atakuta haiwezekani. Hilo nalo litakuwa faida, maana atakuwa ametufungia njia moja isiyofika.

Kwa sasa, mwenye kusoma haya na afanye yaliyo karibu na mkono wake. Apime udongo kabla ya msimu. Atie chokaa ikiwa kipimo chasema hivyo, mapema kabla ya kupanda. Apande maharagwe kwa zamu na mahindi, wala asiyang'oe maharagwe na mizizi yake akaitupa nje ya shamba. Samadi asiiache ikaoshwa na mvua. Hayo yote ni njia za kuvuta kidogo kidogo kutoka katika ghala lile la juu, au za kutoharibu kile kilichokwisha kushuka.

Juzi mvua ilipokuwa ikitanda tena, Mzee alisimama kwenye ua wangu akatazama radi iliyokuwa ikipiga upande wa Nandi. "Karani," akasema, "nimewaza. Ile radi, hatuwezi kuifunga kwa waya ikashuka shambani?"

Safari hii sikucheka. Nilichukua daftari, nikamkaribisha kiti, tukaanza kupiga hesabu.